Mteja Akisema "Redio Haishiki": Somo kwa Wanaouza Redio za Gari Mtandaoni

Somo la leo ni refu kidogo. Kama unauza redio za gari, antena, ekspanda, au vile vifaa vya bluetooth vya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari, lisome mpaka mwisho. Kama unauza vitu vingine, soma pia, maana kosa nililofanya mimi hata muuza viatu analifanya.

Nianze na hasara yangu.

Mwaka wangu wa kwanza wa kuuza mtandaoni nilichukua redio tano za gari, used kutoka Japani. Nikazipiga picha nzuri hapa Mwenge, nikaandika: "Redio original Japan, mzigo safi, inapiga CD na FM." Mteja wa Mbagala akanunua moja kwa 85,000, akalipa na 7,000 ya bodaboda. Nikafurahi. Usiku saa tatu ujumbe ukaingia: "Kaka, redio yako mbovu. Inashika stesheni chache tu za mwanzo, huko juu hamna kitu."

Mimi huyo mwenye roho nzuri, nikamwambia usijali, nakubadilishia. Bodaboda akapeleka nyingine, akarudi na ile ya kwanza, 14,000 kwenda na kurudi, nimelipa mimi. Kesho yake ujumbe ule ule: "Na hii nayo ni hivyo hivyo. Naomba hela yangu." Nikarudisha 85,000, nikarudisha na ile 7,000 yake ya usafiri, nikalipa 7,000 nyingine kuifuata redio. Usafiri peke yake ukanila 28,000, wakati faida yangu kwenye redio ile ilikuwa 20,000. Na kabla sijarudisha hela alikuwa ameshaandika kwenye komenti za tangazo langu, kila mtu anasoma: "Kuweni makini na huyu, anauza vitu vibovu."

Nikazibeba zile redio mbili "mbovu" nikampelekea fundi mmoja mtu mzima, yuko hapa hapa Mwenge.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Zina nini hizo?"

"Hazishiki stesheni, mzee. Zote mbili."

Akaiunga moja kwenye betri. Hakuchomeka hata antena. Akabonyeza kitufe cha kupandisha namba: 88, 89, 89.9, 90.0, halafu namba ikaruka ikarudi 76.0. Akanitazama.

"Hii nzima kabisa. Ila huyu aliandaliwa kusikiliza Japani. Wewe ulimwambia mteja?"

Sikuwa nimemwambia. Nisingeweza kumwambia, kwa sababu na mimi nilikuwa sijui. Mteja hakunionea, na redio haikuwa na kosa. Tangazo langu ndilo lilikuwa na shimo, na mteja akatumbukia humo.

Toka siku ile nina utaratibu mmoja ninaoufuata, na ndilo somo la leo. Mtu akikuambia "redio haishiki", tatizo liko kwenye mojawapo ya sehemu tatu: BENDI, ANTENA, au KELELE za gari lenyewe. Redio yenyewe kuwa mbovu hutokea, lakini iwe ya mwisho kwenye orodha yako. Sasa tuzipitie moja moja.

KWANZA: BENDI

Kila redio ya FM ina mwanzo na mwisho wa masafa inayoweza kusikiliza. Hapa kwetu, kama ilivyo nchi nyingi za dunia, FM inatumia 87.5 mpaka 108 MHz. Japani wana mpango wao. Kwa miaka mingi FM yao ilikuwa 76 mpaka 90. Kuanzia 90 mpaka 108 huko kwao palikuwa na televisheni, chaneli ya 1 mpaka ya 3. Ndiyo maana redio za zamani za Japani nyingine ukibonyeza zinakuonyesha 1ch, 2ch, 3ch. Ile ilikuwa sauti ya TV. Televisheni hiyo ya analojia ilizimwa Japani mwaka 2011, mikoa michache ikamalizia 2012, na kuanzia 2014 wakaanza kutumia 90 mpaka 95 kwa redio. Kwa hiyo redio zao za karibuni zinafika 95.

Sasa fikiria magari tunayoendesha. Carina Ti, Raum, Spacio, Vitz, IST, Mark II: yamekuja yametumika Japani, na redio ya kiwandani imo humo humo. Redio hiyo inakutana na masafa yetu kwenye kipande kidogo tu, 87.5 mpaka 90. Kila stesheni iliyo juu ya hapo, kwake haipo. Ukiweka antena ndefu kama mlingoti wa bendera, haitasaidia.

Kwa mteja aliyeko Dar, mimi natumia KIPIMO CHA STESHENI TATU. Muulize anapata hizi:

Clouds FM, 88.5
EFM, 93.7
Times FM, 100.5

Jibu lake linakuambia karibu kila kitu:

Anapata 88.5 vizuri, 93.7 na 100.5 hazipo kabisa: hiyo ni redio ya Japani ya zamani, bendi inaishia 90. Redio nzima, antena nzima. Anahitaji ekspanda au redio ya bendi ya huku.

Anapata 88.5 na 93.7, lakini 100.5 haipo: redio ya Japani ya karibuni, inaishia 95.

Zote tatu zipo lakini zinakwaruza: bendi iko sawa. Nenda kwenye antena au kelele.

Hata 88.5 inakwaruza: antena kwanza. Suala la bendi utaliangalia baadaye, inawezekana akawa na matatizo mawili kwa pamoja.

Angalizo: kipimo hiki ni cha Dar. Stesheni hizo hizo ukienda mkoani zinasikika kwenye masafa mengine. Mteja wa Mwanza au Mbeya mwambie akutajie stesheni tatu anazosikiliza kwenye redio ya nyumbani au simu, moja ya chini ya 90, moja ya katikati, moja ya juu ya 95. Ukishapata namba zake, kipimo ni kile kile.

Na wewe muuzaji huhitaji hata gari. Fanya kama yule mzee: unga redio kwenye betri ya volti 12, pandisha namba kwa mkono, angalia inarukia wapi. Ikiruka kwenye 90 kurudi 76, umeshajua unachouza. Piga video ya sekunde kumi ya namba ikiruka, iweke kwenye tangazo. Video hiyo imeniokoa mara nyingi kuliko maneno.

Jambo moja kuhusu redio za Android za Kichina. Hizo kwenye mipangilio yake huwa kuna sehemu ya kuchagua eneo la redio. Fundi akigusa kimakosa ikawekwa Japani, mteja atakuambia "ilikuwa inashika, leo imegoma". Usitume mtu. Mwelekeze kwa simu arudishe eneo, yameisha. Redio ya kiwandani ya Japani kwa kawaida haina sehemu hiyo, usimdanganye mteja kwamba kuna "kodi ya siri".

EKSPANDA: IJUE HESABU YAKE KABLA HUJAIUZA

Ekspanda ni kile kiboksi kidogo kinachokaa kati ya waya wa antena na redio. Kazi yake ni moja: kushusha masafa. Kama imeandikwa 12 MHz, inashusha kila stesheni kwa 12. Stesheni ya 93.7 mteja ataikuta kwenye 81.7. Redio haijui kitu, inadhani iko Tokyo.

Wengi tunauza tu "ekspanda", kama vile zote ni moja. Sio moja. Kwa redio inayoishia 90, hesabu ni hii:

Ekspanda ya 12 inaleta stesheni za 88 mpaka 102.
Ya 14 inaleta 90 mpaka 104.
Ya 16 inaleta 92 mpaka 106.
Ya 20 inaleta 96 mpaka mwisho, 108.

Umeona? Hakuna inayoleta zote. Redio ina nafasi ya 14 tu, kutoka 76 mpaka 90. FM yetu ina zaidi ya 20. Lazima kitu kiachwe. Kwa hiyo swali kwa mteja ni: "Wewe unasikiliza nini?" Mpenzi wa EFM ukimpa ekspanda ya 20 umemuua, maana 93.7 ukitoa 20 ni 73.7, na redio yake inaanzia 76.

Kuna na mtego mwingine, huu nilifundishwa na mteja wa Sinza. Nilimuuzia ekspanda ya 12. Akanipigia: "Kaka, nikiweka 88.5 nasikia watu wawili wanagombana. Mara mpira, mara muziki." Nikakaa na kikokotoo. Times FM ni 100.5. Toa 12, unapata 88.5. Na 88.5 ndiyo namba ya Clouds yenyewe! Mawimbi yenye nguvu ya hapa hapa mjini mara nyingi yanapenya ekspanda bila kushushwa. Kwa hiyo kwenye namba moja zilikutana mbili: Times iliyoshushwa, na Clouds iliyopenya. Nikambadilishia nikampa ya 14, Times ikahamia 86.5, ugomvi ukaisha. EFM akaikuta 79.7.

Kwa hiyo kabla ya kufunga mzigo, chukua zile stesheni anazotaka mteja, toa namba ya ekspanda, andika majibu kwenye karatasi, weka ndani ya boksi. "Clouds tafuta hapa, EFM tafuta hapa, Times tafuta hapa." Dakika mbili tu. Mteja akifungua boksi akakuta karatasi hiyo, ameshakuamini kabla hajafunga kitu.

Ufungaji: ekspanda inataka umeme. Waya mwekundu kwenye umeme unaokuja ukiwasha swichi, mweusi kwenye bodi ya gari. Mafundi wengi wanachomeka antena tu, waya za umeme wanaziacha zinaning'inia, halafu lawama inakuja kwako. Liwe swali lako la kwanza mteja akilalamika: "Fundi aliunga waya mwekundu wapi?" Na usimwache auunge kwenye umeme wa moja kwa moja wa betri, maana itakula betri kidogo kidogo hata gari likiwa limezimwa.

PILI: ANTENA

Hapa ndipo magari ya zamani yanaumwa zaidi. Uzuri wake, matatizo mengi ya antena hayana gharama.

Urefu. Antena ya FM inafanya kazi vizuri ikiwa na urefu wa karibu robo ya wimbi. Kwenye 100 MHz wimbi lina mita 3, kwa hiyo robo yake ni sentimita 75. Magari yenye antena ya kuvuta, ile inayotoka pembeni ya kioo cha mbele, wengi hawaivuti. Wengine ilivunjwa sehemu ya kuoshea magari, kimebaki kipande cha kidole. Mwambie mteja aivute yote kwanza. Nimewahi kuokoa mauzo kwa neno hilo moja, "ivute".

Antena ya mota. Ile inayopanda yenyewe ukiwasha redio. Mota ikifa, au fundi akibadilisha redio akasahau kuunga waya wake, antena inabaki imelala ndani ya bodi. Redio mpya inaonekana mbovu kumbe antena imelala.

Antena ya kwenye kioo na antena fupi ya kwenye paa. Hizi zina busta ndani, na busta inataka umeme. Kwenye redio nyingi za kununua, waya wa kazi hiyo ni wa bluu, au bluu yenye mstari mweupe. Ukifunga redio mpya bila kuunga waya huo, stesheni zote zinakuwa za mbali na kukwaruza. Tena kwa antena za kwenye kioo, angalia kama tinti iliwekwa karibuni au ya zamani ilikwanguliwa kwa wembe. Wembe unakata ile mistari, na karatasi za tinti zenye madini zinazuia mawimbi.

Plagi. Antena ikiwa haijaingia mpaka mwisho kwenye tundu la nyuma ya redio, inashika moja moja. Baadhi ya magari, hasa Nissan kadhaa, plagi yake haifanani na ya redio za kawaida, inataka adapta. Fundi mwenye haraka anakata plagi na kufunga kwa selotepu. Hapo umepoteza.

Kutu. Sisi tuko pwani, hewa ina chumvi. Mahali antena inapofungwa kwenye bodi pakishika kutu, ile nati isipogusa bati vizuri, mawimbi yanakuja nusu. Fundi afungue, asugue kwa msasa mpaka bati ling'ae, afunge tena. Kazi ndogo sana.

Kujua kama ni antena au redio, kuna kipimo cha bure. Chomoa plagi ya antena nyuma ya redio. Chukua waya wa kawaida wa sentimita 75, menya ncha, ingiza kwenye kitundu cha KATI cha tundu la antena, usiguse ganda la nje. Waya utoe dirishani. Kama stesheni zimekuwa bora kuliko mwanzo, redio nzima, antena ndiyo mgonjwa. Kama hata kwa waya huo hakuna mabadiliko, na umeshahakikisha bendi, basi sasa una haki ya kushuku redio.

Fundi mwenye multimita anaweza kupima zaidi kwenye antena ya kawaida isiyo na busta: waya wa kati kutoka plagi mpaka juu ya antena upitishe umeme, na waya wa kati usigusane na ganda la nje. Ukigusana, hata ununue antena ya dhahabu haitashika.

TAHADHARI moja kabla fundi hajachomoa chochote. Baadhi ya redio za Toyota zenye ramani za Kijapani, ukichomoa betri au redio zinajifunga, zinadai kadi ya ramani au namba ya kufungulia. Mteja mwenye redio ya namna hiyo mwambie mapema, asije akasema ni wewe uliyemwambia achomoe.

TATU: KELELE ZA GARI LENYEWE

Hapa dalili ni tofauti. Stesheni ipo, ila kuna mlio juu yake. Mwelekeze mteja hivi:

Gari limezimwa, swichi imewashwa tu kwa ajili ya redio: je, ni safi? Awashe injini. Kelele ikianza hapo, ni ya gari. Akikanyaga mafuta na mlio ukapanda na kushuka pamoja na injini, fundi umeme aangalie waya wa bodi wa redio na mfumo wa kuchaji.

Halafu achomoe vitu kimoja kimoja: chaja ya simu kwenye kiberiti, kamera ya dashibodi, taa za LED zilizowekwa baadaye. Chaja za bei ya chini kabisa ndizo wachawi wakubwa. Kama unauza redio na chaja pia, jaribu chaja zako mwenyewe kwenye gari lenye redio. Ukikuta inakwaruza, hiyo chaja usiiuze kwa mtu aliyenunua redio kwako.

Na hapa nitaje vifaa vya bluetooth vya FM, maana vinauzwa sana mtandaoni na malalamiko yake ni mengi. Kile kifaa ni stesheni ndogo: kinarusha wimbo kutoka kwenye simu, redio inaupokea. Vingi vinarusha kati ya 87.5 na 108. Mteja mwenye redio ya Japani akikiweka 98, hasikii kitu, kwa sababu redio yake haifiki huko. Akikiweka 88.5, Clouds inamfunika. Akikiweka 88.9 anakutana na Wasafi FM, 89.5 anakutana na Radio One. Amebakiwa na vijinafasi vichache kati ya 87.5 na 90. Mwambie kabla hajanunua: "Boss, redio yako inaishia ngapi?" Akisema 90, mwelekeze atafute kwanza kwenye redio namba isiyo na mtu, ndipo aiweke kwenye kifaa. Na kama redio ina tundu la AUX, muuzie waya wa AUX. Faida yake ni ndogo, lakini huyo mteja atarudi.

JINSI YA KUANDIKA TANGAZO

Zamani niliandika: "Redio original Japan, mzigo safi." Siku hizi naandika hivi, unaweza kuchukua ukabadilisha:

"Redio ya gari, used Japani. FM yake ni 76 mpaka 90, kwa hiyo Dar bila ekspanda utapata stesheni za chini ya 90 tu. Ekspanda ipo, tunakuchagulia kulingana na stesheni unazopenda. CD na AUX zimejaribiwa, video ipo. Plagi ya antena ni ya kawaida. Kama gari lako ni Nissan tuma picha ya plagi kwanza. Siku 3 za kujaribu."

Najua unachowaza. "Nikisema ukweli wote huo, nani atanunua?" Na mimi nilidhani hivyo. Kilichotokea ni kwamba walionitafuta walipungua kidogo, lakini waliorudisha mzigo karibu waliisha. Na wengi walionunua redio walichukua na ekspanda, kwa sababu walielewa ni ya nini. Ukimficha mteja upungufu, utamkuta nao nyumbani kwake usiku akiwa na hasira. Ukimwambia mchana, upungufu huo huo unakuwa bidhaa ya pili ya kumuuzia.

Na mteja akishalalamika, mtumie ujumbe huu kabla ya kutuma bodaboda:

"Pole sana kaka. Nisaidie majibu manne tulimalize leo. 1) Ukipandisha namba za FM, inaishia ngapi? 2) 88.5, 93.7 na 100.5 unapata zipi? 3) Antena imevutwa yote, na waya wa bluu umeungwa? 4) Kelele ipo hata injini ikiwa imezimwa na chaja ya simu imechomolewa?"

Kama ni dada, andika dada. Kama ni mtu mzima, anza na shikamoo. Mtu aliyekasirika akisalimiwa vizuri anasoma mpaka mwisho.

LINI URUDISHE HELA

Utaratibu huu usiwe ujanja wa kumzungusha mtu. Kama tangazo lako halikutaja bendi na mteja amegundua redio haifiki stesheni anazotaka, kosa ni lako. Mpe achague: ekspanda kwa bei ya kununulia, au hela yake yote pamoja na usafiri. Kama kipimo cha waya wa sentimita 75 kimeonyesha redio haipokei kabisa, rudisha bila maneno mengi. Kama ulisema kila kitu na tatizo ni antena ya gari lake, hapo hudaiwi hela, unadaiwa maelekezo. Mpe, tena kwa upole.

Kwa mteja wa mkoani usisubiri mpaka mzigo ufike stendi ya Magufuli. Uliza maswali kabla ya kupokea malipo. Mzigo ukishapanda basi, kila kosa linalipiwa nauli mara mbili.

Yule mteja wangu wa Mbagala, nilimtafuta. Nilimpigia, nikamweleza: "Kaka, zile redio zilikuwa nzima, ila mimi sikukuambia zinaishia 90. Nisamehe." Akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa kwa nini hukusema toka mwanzo?" Sikuwa na jibu. Komenti yake hakuifuta, na sikumwomba aifute. Lakini chini yake akaongeza mstari: "Jamaa amerudisha hela na ameomba radhi." Mpaka leo ipo, na kuna wateja wameniambia walininunulia kwa sababu ya mstari huo.

Kazi ya leo: chukua redio moja uliyonayo stoo, iunge kwenye betri, pandisha namba, uone inarukia wapi. Kama huuzi redio, chukua bidhaa yako inayorudishwa sana kuliko zote, ujiulize: ni kitu gani nakijua, au nilipaswa kukijua, ambacho tangazo langu halisemi?

Tuandikie kwenye komenti redio yako imeishia ngapi. Na mtumie somo hili mwenzako anayeuza vifaa vya magari. Kazi njema.